Asomaye kwa Masikio

Tangu mkewe Ummulkheir atiwe kaburini, Kamaludin hakubakisha mtu mwenye meza ambaye hajagombana naye. Aligombana na daktari aliyemwambia "mngemleta mapema," ilhali walikuwa wamekaa kwenye benchi la daktari yule yule tangu alfajiri. Aligombana na karani wa kibali cha maziko, aliyekwenda kunywa chai huku maiti yangoja. Aligombana na askari wa kaunti waliotaka kumuondoa pale pembeni mwa kichochoro, Kibokoni, ati ameziba njia; njia yenyewe mkokoteni haupiti. Yeye naye alikuwa na meza, lakini ilikuwa ya mahamri, na mwenye meza ya mahamri hasikizwi na mtu.

Meza hiyo ilikuwa ya marehemu. Kamaludin alikuwa hamali, mbeba magunia wa soko la Marikiti, maisha yake yote, na mkewe ndiye aliyekanda unga, akapika na mbaazi za nazi. Mke alipofariki, mume aliacha magunia akarithi karai, maana binti yao Duha hakuwa na mwengine wa kumlinda. Mahamri yake ya mwanzo yalikuwa mawe. Ziad, jirani auzaye vipuri vya baiskeli, aliligonga moja kwenye ukingo wa baraza, akauliza, "Kamalu, haya ni ya kula au ya kujengea?" Watu walicheka, nao wakanunua, kwa ajili ya marehemu.

Lakini unga hufundishika. Kilichomshinda Kamaludin ni shule ya Duha.

Mama yake alipokuwa hai, hakuna aliyejua kwamba mtoto ana shida. Ummulkheir alimaliza kidato cha nne, na kila alasiri alimsomea Duha masomo yake kama anayemhadithia, mtoto akajibu kwa mdomo, kisha mama akamshika mkono na kalamu wakaandika pamoja. Alipoondoka mama, mkono ukabaki peke yake. Duha aliandika herufi zikapandana kama samaki kwenye ndoo. Aliposimamishwa asome, alikodoa macho mpaka darasa likacheka. Mwalimu mkuu akasema ni huzuni, itapita. Mwaka ukapita, huzuni ikabaki, na shida ikabaki. Mwalimu wa darasa akasema ni uvivu, akamhamishia nyuma dirishani. Kwa mwalimu yule, mtoto asiyeelewa dawa yake ni kumuweka mbali asionekane.

Gredi ya sita ndipo alipokuja Mwalimu Purity. Alikuwa msichana wa Kaloleni, mgeni katika shule ile iliyo upande wa Tononoka. Hakuwa amemaliza hata muhula mmoja alipokuja mwenyewe mpaka kwenye karai.

"Masalkheri, Baba Duha."

"Masalkheri, mwalimu. Amekosa nini tena?"

"Hajakosa. Nimekuja kukwambia Duha si mvivu wala si mjinga. Herufi zinamchezea. Anayoiona hivi leo, kesho anaiona imegeuka. Hali hiyo inaitwa disleksia. Na ule mkono unaokataa kuandika, hiyo ni disgrafia."

"Majina mawili kwa mtoto mmoja," alisema Kamaludin. "Na dawa yake?"

"Haina dawa. Ina njia." Mwalimu akasita kidogo. "Kwenu kuna mwengine aliyekuwa hivi?"

Kamaludin alitolewa shule darasa la tatu, na mwalimu wake alikuwa akimwita kuni mbichi. Aliligeuza hamri ambalo halikuwa limeiva.

"Kwetu sote wazima," akasema.

Hata hivyo, njia ile aliifuata. Purity alimuonyesha namna ya kutandaza unga kwenye sinia, Duha akachora herufi kwa kidole, kubwa kubwa, huku akiitamka sauti ya kila moja. Alimuonyesha kukata tundu kwenye kipande cha karatasi ngumu ili mtoto aone neno moja tu, mengine yafichike. Akamwambia pia amsomee kila siku, hata ukurasa mmoja. Kamaludin alisoma akijikwaa kila mstari, akitoka jasho kuliko alivyotoka chini ya gunia la mchele.

"Baba," Duha alimwambia siku moja, "wewe wasoma kama mie."

"Kelele wewe! Mimi nimesahau miwani."

"Una miwani, baba?"

"Ndiyo maana nikasema nimeisahau."

Walicheka mpaka unga ukaruka. Ilikuwa mara ya kwanza nyumba ile kusikia kicheko tangu matanga.

Mtihani wa gredi ya sita ulipokaribia, Purity alileta habari njema. Mtoto wa hali ile aweza kuruhusiwa kusomewa maswali na mtu mzima, akajibu kwa mdomo, akaandikiwa. Kinachotakiwa ni ofisi ya elimu impime na kutia muhuri.

"Na bila muhuri?"

"Bila muhuri atapewa karatasi kama wenzake, aitazame kama ukuta. Na majibu yote anayo, Baba Duha. Darasani nikimuuliza kwa mdomo hunishinda mie."

Basi haja ya Kamaludin duniani ikawa moja, muhuri.

Hapa yafaa yajulikane mambo ya chuoni, kwenye madrasa ya Kurani. Duha alisoma kwa Maalim Mejumaa, bibi kizee aliyefundisha hata mama yake. Pale hufundishwa kwa sauti. Maalim husema, watoto hufuata, mpaka aya ziingie damuni. Duha alikuwa nyota. Alilolisikia mara mbili halimtoki. Na adabu ya chuo kile ni kwamba mtoto hasemi maneno ya Mungu akiwa mikono mitupu. Hata aliyehifadhi hufungua msahafu mbele yake, akatia kidole kwenye mstari, akafunua ukurasa wenzake wanapofunua. Kidole hutembea kwa heshima tu. Kibokoni kila mtu ajua hivyo, na kwa kuwa kila mtu ajua, hakuna aliyewahi kulieleza.

Siku ya kupimwa Duha, Purity alikuwa darasani, hakupewa ruhusa ya kutoka. Kamaludin akenda na Duha, na Duha na mkoba wake wa chuoni, maana wangerudi kupitia huko. Mwenye meza alikuwa Bwana Kitsao, shati limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni. Alimpa Duha hadithi fupi ya sungura asome. Duha akaanza, akakwama, akarudi, akakwama. Akamwambia andika jina lako. Herufi zikatoka zote, lakini si kwa zamu yake.

Bwana Kitsao akashusha pumzi, akasema mbele ya mtoto, kama anayezungumzia kiti:

"Mzee, mimi hupima watoto wenye akili timamu walio na tatizo la kusoma. Huyu akili yenyewe haitoshi. Mtafutieni mahali afunzwe kusuka vikapu."

Lau angemtukana yeye, Kamaludin angemeza. Amezoea. Lakini alimuona Duha akitazama viatu vyake.

"Vikapu? Huyu amehifadhi Kurani robo nzima! Duha, una udhu?"

"Ninao, baba."

"Toa msahafu, mamangu. Msomee bwana ajue wewe ni nani."

Duha akaufungua, akatia kidole, akaanza sura ya Yasini. Ile sauti ikaijaza ofisi. Karani wa chumba cha pili akaja kusimama mlangoni. Mtoto hakukwama hata mahali pamoja. Kidole kilitembea, ukurasa ukafunuliwa pale pale pa kufunuliwa. Bwana Kitsao aliacha kuandika, akainamia mbele, na mtoto alipomaliza, yeye akasema, "Ala! Hongera sana, msichana." Akasimama, akampa Kamaludin mkono.

Kamaludin alirudi Kibokoni kifua kimemtangulia.

"Nimemfunga mdomo!" aliwaambia watu barazani. "Ati vikapu! Alisimama kwa miguu yake miwili kunipa mkono!"

"Na muhuri?" aliuliza Ziad.

"Mtu akikupa mkono, muhuri ni nini?"

"Mkono hauna wino, Kamalu."

"Wewe kula mbaazi zako. Leo ni sadaka."

Baada ya siku chache Purity akaja. Hakusalimu vizuri. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akauliza, "Baba Duha, mlifanya nini kule ofisini?"

Akahadithiwa yote, pamoja na ile sauti na karani mlangoni. Purity alifumba macho.

"Wamemkataa," akasema. "Wameandika kwamba mtoto anasoma Kiarabu bila taabu, ukurasa kwa ukurasa, kwa hiyo hana tatizo la kusoma. Kwamba masomo ya shule ndiyo asiyoyataka. Wameandika ni uvivu."

Kamaludin hakufahamu kwa mara ya kwanza. Kisha mwiko ukamtoka mkononi.

"Lakini hakuwa akisoma! Yuwasema kwa moyo! Kile kidole... kila mtu ajua!"

"Kila mtu wa Kibokoni," alisema Purity kwa upole.

Ndivyo walivyo wakubwa hawa. Ukishindwa mbele yao, huna akili. Ukiweza, huna shida. Ama uwe mjinga ama uwe mwongo. Nafasi ya tatu, ambayo ndiyo aliyokuwa nayo Duha, kwenye karatasi yao haimo.

Kamaludin alimtwaa Maalim Mejumaa akatoe ushahidi. Mara ya kwanza waliambiwa bwana yuko semina, katika hoteli ya Pwani ya Kaskazini. Mara ya pili semina haijaisha. Kumbe kujifunza kuhudumia watu huchukua muda mrefu kuliko kuwahudumia. Mara ya tatu walimkuta, maalim akiwa amechoka, amejitanda buibui lake la zamani, Duha amemshika mkono.

"Sabalkheri, mwanangu," maalim alisema. "Mimi ndiye mwalimu wa huyu. Nimekuja kukufahamisha. Mtoto huyu asoma kwa masikio. Ulichokiona siku ile ni hifdhi, si kusoma."

"Bibi, niliona kwa macho yangu. Kidole kilikuwa kwenye mstari."

"Kidole ni adabu."

"Adabu haimo kwenye fomu."

"Basi mjaribu. Nitaufungua mahali ambapo hajafika. Utaona hatasema neno."

Bwana Kitsao alitazama saa, akakubali kwa shingo upande. Maalim akaufungua msahafu katikati, akauweka mbele ya Duha. Na hapo Kamaludin akafanya jambo ambalo hajapata kusikia mzazi amelifanya. Alimuomba Mungu mwanawe ashindwe. Aliomba kwa moyo wote, kama alivyomuombea mkewe apone. Ya Rabbi, afunge mdomo. Ya Rabbi, asijue chochote.

Duha aliutazama ukurasa. Hakusema kitu. Dua ilikuwa imejibiwa.

"Unaona, mwanangu?" alisema maalim.

"Naona," alisema Bwana Kitsao, na akaegemea kiti. Hakuwa mtu wa kukubali kwamba amekosea bila kumlipisha mtu. "Naona kwamba shuleni hajui na chuoni pia hajui. Sasa niambie, bibi, miaka yote hii wewe mwamfundisha nini? Kupiga kelele kama kasuku? Ndiyo maana watoto wa huku wanashindwa. Walimu wenyewe ndio nyinyi."

Maalim Mejumaa alijitanda buibui lake upya. Mkono wake mkongwe ukavuta pindo, ukafuta macho. Duha akauona ule mkono. Akainua uso, akatia kidole kwenye mstari, na akasoma.

Hakusoma yaliyokuwa pale. Alisoma Arrahmani, sura ambayo maalim alimfundisha mwezi wa Ramadhani, na mbele yake palikuwa pamefunguliwa mahali pengine kabisa. Lakini aliisoma kwa sauti ambayo Kamaludin hakuwa amewahi kuisikia, kavu, bila kutazama kidole, macho yake yamemkazia Bwana Kitsao.

"Duha, si hapo, mwanangu," maalim alinong'ona. "Nyamaza, mwana. Nyamaza."

Duha akaendelea.

"Haya!" alisema Bwana Kitsao. "Si huyo anasoma?"

"Yaliyo hapo siyo ayasemayo!" alipiga ukelele Kamaludin. "Tazama mwenyewe!"

"Nitazame nini? Mimi Kiarabu sikijui."

"Hukijui? Na ndicho ulichompimia mwanangu?"

"Mzee, punguza sauti. Hapa ni ofisini."

"Naapa kwa Mungu..." alianza maalim.

"Bibi, kila mzazi anayeingia hapa huapa. Wote wanataka mtoto asomewe. Nikiwakubali wote, nani atafanya mtihani?" Akafunga faili. "Na majina ya watakaosomewa yamekwisha kwenda Nairobi. Hata ningetaka."

Hata angetaka! Majina yalikuwa yamekwenda kitambo, naye amewaacha wahangaike na bibi kizee mpaka pale, kwa mchezo. Mafuta ya Kamaludin yalichemka, lakini mlangoni palikuwa na askari, na Duha alikuwa akimtazama.

Nje, kwenye kivuli cha ukuta, maalim alimkumbatia mtoto, akalia. Hakusema ni kwa fahari au kwa uchungu, na hakuna aliyemuuliza.

"Alimtukana maalim," Duha alimwambia baba yake. "Hakuna mtu wa kumtukana maalim."

Kamaludin alitaka kumgombeza. Alitaka kumwambia, ungenyamaza kidogo tu, mwanangu, ungenyamaza dakika mbili. Lakini mama yake ndivyo alivyokuwa. Akamshika bega.

"Twendeni nyumbani," akasema. "Jua kali."

Mtihani ukaja. Purity alimwendea mwalimu mkuu akaomba amsomee Duha japo maagizo. Akaambiwa kama amechoka na ajira aseme. Siku ile akapelekwa kusimamia darasa la watoto wadogo, mbali na chumba cha mtihani. Kamaludin hakupika. Alisimama ng'ambo ya lango la shule na wauza maembe, akatazama madirisha yasiyomuonyesha kitu. Duha alipotoka, baba hakumuuliza. Mtoto akajisemea mwenyewe, huku akivua tai:

"Nilipaka vile vijisanduku vya kuchagua jibu kwa mistari, baba. Nikafanya vipendeze. Sikuacha hata kimoja kitupu, wasije wakasema nimekuwa mvivu."

Mitihani yote ilipokwisha, na maswali yakaruhusiwa kutoka shuleni, Purity alipita Kibokoni na karatasi zake mkobani. Ilikuwa alasiri, wateja wamejaa. Duha alikuwa akipanga mahamri kwenye kikapu.

"Mwalimu, ni ile?" akauliza. "Nisomee."

"Ya nini sasa?" alisema Kamaludin.

"Nataka kujua waliniuliza nini."

Purity alimtazama baba, baba akatazama karai. Basi mwalimu akakaa juu ya ndoo, akasoma swali la kwanza. Kwa nini mpini wa sufuria hutengenezwa kwa mbao?

"Mbao haipitishi moto," alisema Duha. "Hata mtoto mdogo ajua. Jengine."

Purity akasoma la pili, Duha akajibu. La tatu, akajibu, akaongeza na ambalo halikuulizwa. Ziad aliacha kutafuna. Mwanamke mmoja aliyekuja kununua mbaazi akatua bakuli lake akasikiliza. Mwalimu alisoma habari ndefu ya mkulima na mtoto wake, akauliza yaliyotokea, na Duha akaihadithia yote, mkulima na majibizano yake, mpaka watu wakacheka penye kuchekesha.

"Maashallah," alisema yule mwanamke. "Huyu atakuwa wa kwanza."

Ziad alimtazama Kamaludin. Purity alisoma jengine, na jengine, na kila mara alisema "sawa," na sauti yake ilikuwa ikipungua. Duha peke yake ndiye aliyeng'ara uso.

Kamaludin alifuta mikono kwenye saruni.

"Hayo yatiwa alama wapi, mwalimu?"

"Hayatiwi popote, Baba Duha."

"Basi acha. Usimsomee tena. Wamekwisha kumdhulumu, sasa twampimia ukubwa wa dhuluma?"

Purity akaikunja karatasi. Duha akamshika mkono.

"Niache, baba," alisema, na hakumgeukia. "Bado kuna sehemu ya pili ya karatasi. Soma, mwalimu."

Kamaludin alisimama, mwiko mkononi, akitafuta mtu wa kumgombeza. Waliostahili hawakuwapo pale. Walikuwa kwenye meza zao, au kwenye semina. Waliokuwapo ni mwanawe, na msichana wa Kaloleni aliyekaa juu ya ndoo, na majirani wanaosubiri chakula.

"Msomee," akasema mwishowe. "Lakini kwa sauti, mwalimu. Wasikie hata majirani walio huko juu madirishani."